Muziki wa Paka kwa Jaji von Reuschen

Nianze kwa kukiri kosa. Kule nyuma, hadithi ilipokuwa imeninogea, niliwaambia kwamba Jaji Traugott von Reuschen alinyongwa. Hakunyongwa. Ulimi wangu ulikimbilia kule moyo wangu ulikotaka kwenda, mniwie radhi. Katika Jamhuri ya Wajerumani, ile iliyosimama baada ya wafalme wao wote kupakiwa kwenye treni huku wamekumbatia masanduku ya vijiko vya fedha, hakunyongwa mtu. Bunge la Frankfurt lilifuta kitanzi kabla hata halijakubaliana nani akae kiti gani.

Kwa hiyo jaji alikuwa hai. Na hilo ndilo lililomkaa Apolonia Kirn kooni kama mfupa wa samaki.

Hukumu ya jaji ilikuwa hii: akae nyumbani kwake mjini Wolfenried, mlango ukilindwa, mpaka Mungu atakapomkumbuka. Askari wa mlangoni walikatazwa kusema naye hata neno. Alipewa kuni, alipewa mpishi, alipewa vitabu. Karakana ya Apolonia ilikuwa bondeni, nyuma kidogo ya nyumba hiyo, kando ya kijito. Alikuwa fundi wa vile vinanda vinavyojipiga vyenyewe, ambavyo watu wa Msitu Mweusi wanavitengeneza kama watu wengine wanavyosuka mikeka. Kila asubuhi akifungua dirisha, kitu cha kwanza kuona ni moshi wa jaji.

"Leo anakula bata," angemwambia mteja, akinusa. "Mume wangu yuko ardhini mwaka wa nne, na aliyemtia humo anachagua kati ya bata na nguruwe. Haya, kinanda chako kina tatizo gani?"

Mteja angesahau kinanda chake kina tatizo gani.

Benedikt Kirn alikuwa mpiga tarumbeta wa wanamgambo wa mji. Majeshi ya wafalme yalipouteka mji kwa majuma machache, kabla jeshi la wananchi halijarudi na kuyafagia, von Reuschen aliketi ngomeni na kengele ndogo mezani. Analetwa mtu, linasomwa jina, anaulizwa swali moja, kengele inalia, analetwa mwingine. Benedikt kosa lake lilikuwa kupuliza tarumbeta kuwaamsha watu. Hakukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mheshimiwa, naomba kujua, ni leo au ni kesho?"

Aliuliza hivyo kwa sababu mkewe aliahidi kumletea shati safi kesho yake. Jaji alimtazama, akapiga kengele.

Ilikuwa leo. Na kesho yake Apolonia alipanda ngomeni na shati lililopigwa pasi, akasimama nalo getini, akiwaambia walinzi awape hilo safi wao wampe lile chafu.

* * *

Watu wa milima ile walikuwa na dawa yao kwa wakubwa wasiosikia. Waliiita muziki wa paka. Mkubwa akizidi, jioni watu wanakusanyika chini ya dirisha lake na sufuria, vifuniko, miiko, filimbi, mabati, na mtu mmoja mwenye sauti mbaya kuliko wote anapewa nafasi ya mbele. Wanapiga. Si wimbo, ni fujo tupu. Anayeongoza anaitwa Mkuu wa Paka, na anavaa koti lililogeuzwa ndani nje.

Lakini ile fujo ilikuwa na adabu zake. Mwenye nyumba akifungua dirisha na kusema, "Nimewasikia," basi. Mkuu wa Paka anamjibu, "Nasi tumekusikia," sufuria zinashushwa, watu wanakwenda kunywa bia. Mwokaji mikate aliyekuwa akipunja uzito wa mikate yake alifungua dirisha kabla hawajamaliza hata kujipanga. Alikuwa na nguo ya kulalia, akasema "Nimewasikia" mara nyingi mpaka wakamwambia inatosha, baba, kalale.

Von Reuschen hakufungua. Mwaka mzima watu walimpigia, yeye akajaza pamba masikioni, kivuli chake kikaonekana pale penye pazia kikigeuza kurasa. Watu nao ni watu. Huyu akapata mtoto mchanga, yule akashikwa na kifua, wengine wakasema basi tena. Jioni moja Apolonia alijikuta yuko peke yake na sufuria yake, yeye na mbwa wa mtu.

Alirudi karakana, akatundika koti la Benedikt kwenye msumari. Kwa maana Mkuu wa Paka wa Wolfenried, enzi za uhai wake, alikuwa Benedikt. Kisha akawasha taa na kuanza kuyeyusha nta.

Mashine aliyoiunda haikuwahi kuwepo popote, lakini kuieleza si kazi. Chukua silinda ya nta. Weka sindano juu yake, na nyuma ya sindano kibofu cha ndama kilichowambwa kama ngoma. Piga kelele mbele ya kibofu: kinatetemeka, sindano inachora mtetemo huo kwenye nta. Zungusha silinda upya, sindano inapita mle mle ilimochora, na kelele inarudi. Inarudi dhaifu, kama mbu kwenye chupa. Hapo ndipo fundi wa vinanda anapomshinda mtu mwingine yeyote. Apolonia aliifunga sindano kwenye vali ndogo, na nyuma ya vali akaweka mivukuto mikubwa ya kinanda cha kanisa, inayosukumwa na gurudumu la maji. Sindano ikitikisika kidogo, vali inafunguka kidogo, upepo mzito unapita. Yule mbu akawa ng'ombe dume.

Kelele yenyewe aliivuna Jumapili mchana, watu walipotoka kanisani. Aliwaita wote na kuwaambia ni mara moja tu, mara ya mwisho, kisha hatawasumbua tena.

"Msipige kwa mikono," alisema. "Pigeni kwa yule mliyempoteza."

Walipiga. Wazee walipiga huku wakilia. Apolonia alipuliza tarumbeta ya Benedikt, naye hakuwahi kujifunza tarumbeta, kwa hiyo ilitoka sauti ya mnyama anayechinjwa na mchinjaji asiye na haraka. Silinda ikameza yote.

* * *

Wakili Hirsch Maier alimkuta mtaroni, matope mpaka magotini, akiunganisha mabomba ya madini ya risasi kuelekea nyumba ya jaji.

Hirsch alikuwa mwembamba, na miwani yake ilimpwaya puani, naye aliisukuma juu hata ilipokuwa haijatelemka. Kabla ya Mapinduzi, sheria haikumruhusu Myahudi kusimama mahakamani kama wakili kamili. Sasa alikuwa mjumbe wa Kamati ya Wananchi iliyoendesha mji, na wa Bunge la Frankfurt, na ile kura ya kufuta kitanzi mji mzima ulijua kwamba aliipigania yeye. Alikuwa rafiki wa Benedikt tangu utotoni, na siku ile ngomeni alikuwepo. Alikwenda kuwatetea washtakiwa, akaambiwa akae kimya pembeni. Ndiye aliyemletea Apolonia habari ya lile swali. Mdogo wake mwenyewe, Simon, aliitwa mara tu baada ya Benedikt.

"Shemeji," alisema, "hayo ni mabomba ya maji?"

"Ni ya muziki."

"Yanaingia nyumbani kwa mfungwa wa Jamhuri."

"Kwenye kuta. Ndani ya kuta. Huku nje hatasikia mtu, watoto watalala vizuri. Unataka kuniambia ni marufuku?"

"Sheria inakataza kumpa mtu adhabu ambayo haikutajwa kwenye hukumu."

"Adhabu gani? Muziki wa paka ni mila. Babu yako amepiga, babu yangu amepiga."

"Babu yangu alipigiwa," Hirsch alisema. "Lakini endelea."

Apolonia alicheka bila kutaka. Kisha akaendelea kufunga bomba.

Hirsch alichuchumaa ukingoni, suti yake nzuri ikigusa udongo. "Unataka ipige mpaka lini?"

"Mpaka atakapofungua dirisha. Kama kawaida."

"Akifungua, nani atamjibu? Mila inataka Mkuu wa Paka awe pale chini, na koti lake. Mashine yako ina mdomo, shemeji. Sikio lake liko wapi?"

Hapo alimshika. Apolonia alisimama na spana mkononi, akitazama mabomba yake yote, na kwa mara ya kwanza akaona yanakwenda upande mmoja tu. Fundi wa vinanda hafikirii hilo. Kinanda hakimsikilizi mtu.

"Nitaweka bomba la kurudi," alisema mwishowe. "Litoke chumbani kwake lije karakana kwangu. Akisema neno, nitalisikia."

"Na ukisikia utajibu?"

"Nitajibu."

"Niapie."

"Nakuapia kwa shati," alisema Apolonia, na Hirsch akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, kwa sababu alijua ni shati lipi.

Nao wote wawili walijua kwamba hakuliweka lile bomba kwa ajili ya mila. Alitaka kumsikia akilia.

* * *

Mwanzoni ilikuwa tamu. Nisiwadanganye.

Apolonia aliweka kiti kando ya mdomo wa lile bomba, uliotokea ukutani kama faneli ya shaba, akawa anakula chakula chake cha mchana pale. Siku ya kwanza jaji alitukana, matusi ya kizamani ya watu waliosoma. Akaja kunukuu vifungu vya sheria, kimoja baada ya kingine, akiusomea ukuta. Baadaye aliimba nyimbo za kanisani ili aizidi ile kelele, na sauti yake ikawa nzuri kwa kushangaza, mpaka Apolonia akasimamisha kijiko hewani. Kisha akakumbuka, akaendelea kunywa supu yake.

Mpishi wa jaji alikuwa Mama Kresensia, mjane mnene, mchangamfu, aliyekuwa kiziwi wa masikio yote mawili tangu siku mizinga ya wafalme ilipobomoa jiko lake. Kamati ilimtafuta kwa makusudi: nani mwingine angeweza kufanya kazi mle? Alisoma midomo ya watu, na aliongea kwa sauti ya mtu anayeita kutoka mlima wa pili.

"Anakula vibaya," aliripoti kila alipopita karakana. "Nimemtengenezea maandazi ya plamu, amekula moja. Moja, mwanangu. Maandazi yangu! Huyo mtu hana dini."

Siku moja ya vuli, Apolonia akiwa amekaa pale na mkate wake, alisikia katikati ya sufuria na filimbi sauti nyingine kwenye bomba: komeo. Kisha bawaba, zile bawaba kavu za dirisha lililofungwa miaka. Kisha sauti ya mzee, ikielekea nje, kwa barabara tupu.

"Nimewasikia."

Akangoja. Askari walikuwepo pale chini, lakini walikatazwa kusema naye.

"Nimewasikia," jaji alirudia. "Jamani. Nimefungua. Nimewasikia."

Koti lilikuwa msumarini, hatua mbili kutoka alipokaa. Bomba lilikuwa mbele ya uso wake. Maneno yalikuwa mawili tu, kila mtoto wa Wolfenried anayajua. Apolonia alitafuna mkate wake mpaka ukawa maji mdomoni. Kisha akainuka, akachukua kopo, akaenda kuitia mivukuto mafuta.

Hakumwambia Hirsch.

* * *

Baridi ya mwaka ule ilikuja vibaya. Asubuhi moja Apolonia aliamshwa na kitu asichokifahamu mara moja, akajiinua kitandani akisikiliza, na ndipo alipojua kwamba ni ukimya. Kijito kilikuwa kimeganda. Gurudumu la maji limekamatwa na barafu kama mguu kwenye mtego, mivukuto imelala, silinda imesimama.

Aliiacha hivyo hivyo. Alijiambia ataivunja barafu kwa shoka kesho, na kesho ikaja akajiambia hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Kwenye bomba jaji alikuwa hasemi kitu. Anapumzika, Apolonia aliwaza kwa uchungu. Barafu imemhurumia, mimi sikumhurumia.

Juma lilipokwisha Mama Kresensia aliingia karakana akipangusa theluji mabegani, na Hirsch nyuma yake. Uso wa mpishi haukuwa na mchezo.

"Mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza alijaribu kusema polepole, ikawa bado ni kelele. "Mtu wangu anajifunga mito kichwani. Amechana godoro, ametoa sufi, ameziba ukuta. Hajalala. Ananishika mkono, ananionyesha ukuta, ananionyesha sikio, ananiuliza. Ananiuliza mimi! Anataka nimwambie kama kunapigwa. Nitajuaje mimi? Nikainua mabega. Akapiga magoti, mzee mzima, akanishika aproni. Nikainua mabega tena. Ningefanyaje?"

Hirsch alikuwa anatazama mivukuto. Aliigusa kwa kidole, kidole kikatoka na vumbi jembamba la baridi.

"Tangu lini imesimama?"

"Tangu kijito kigande."

"Na yeye bado anaisikia."

Apolonia aliokota kopo la mafuta, akalirudisha mezani.

"Mama Kresensia ananiambia pia kwamba alifungua dirisha," Hirsch alisema. "Wakati wa vuli. Alimwona kwa macho yake akisema na barabara. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Uliapa kwa shati."

"Najua niliapa kwa nini!" Alikuwa hajawahi kumpandishia sauti. Akaishusha. "Unataka nini, Hirsch? Nimwambie nimemsikia, aende zake kulala? Benedikt alilala? Mimi nililala? Nilisimama getini na shati, na wale walinzi wakawa wanatazamana."

"Simtetei. Mimi sina la kumtetea." Miwani ilitelemka, hakuisukuma. "Nilikuwepo mle ndani. Nilimsikia Benedikt akiuliza. Nilijua jibu, shemeji. Karatasi ilikuwa mezani, naiona. Ningeweza kumwambia, 'Ni leo, ndugu yangu.' Nilikatazwa kusema, nikatii. Kisha wakamwita Simon. Tangu siku hiyo kila sheria niliyoiandika, nimeiandika ili mtu mwingine asikae kimya kama mimi nilivyokaa."

Mama Kresensia, aliyekuwa akifuata midomo yao kwa macho, aliketi taratibu kwenye kiti cha kando ya bomba, na mara akasimama tena. Alikuwa ameweka mkono juu ya shaba.

"Inatetemeka," alisema. "Kuna mtu anasema humo."

Wakasogea. Sauti ilikuwa imechakaa mpaka ilikuwa vigumu kuamini ni ya yule yule wa vifungu na matusi. Alikuwa ameshaligundua bomba. Alikuwa amelitia mdomo kabisa, walisikia meno yake yakigonga shaba.

"Kama kuna mtu," jaji alisema. "Siombi mzime. Mnielewe, siombi hilo. Naomba kujua tu. Inapiga, au imenyamaza?"

Apolonia alishika meza. Hakuna aliyemfundisha jaji yale maneno ya Benedikt. Hakukumbuka Benedikt Kirn ni nani, huenda hata siku ile hakulijua jina. Aliyafikia mwenyewe, njia ndefu, akiwa peke yake na ukuta.

"Neno moja," Hirsch alimnong'oneza. Alikwenda msumarini, akalitungua koti, akaligeuza ndani nje kama inavyotakiwa, akamnyooshea. "Ukimwambia imenyamaza, itanyamaza. Usipomwambia, hata wewe hutaweza kuizima tena."

"Nilidhani nitafurahi," Apolonia alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Nimengoja miaka minne aulize, na sasa ameuliza."

"Basi mjibu."

"Kwa nini mimi? Bomba hilo hapo. Koti unalo mkononi. Hakuna anayekukataza leo, Wakili. Mjibu wewe."

Hirsch alilitazama koti. Aliingiza mkono mmoja kwenye mkono wa koti, mpaka kwenye kiwiko, bitana la Benedikt lililochakaa likiwa juu. Akainama karibu na shaba, karibu hata pumzi yake ikaacha ukungu juu yake. Mdomo wake ulifunguka. Apolonia alimwona akiwa amelishika neno lenyewe, liko pale kwenye meno.

Kisha akakaa hivyo hivyo, ameinama, mkono mmoja ndani ya koti na mmoja nje.

Mama Kresensia aliwatazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine, akingoja isogee ajue kinachosemwa. Nje barafu ilipasuka kidogo kwenye gurudumu, ikatulia.

"Imenyamaza, au bado inapiga?" sauti iliuliza ndani ya bomba. "Naomba mtu aniambie. Yeyote."